Kipimo cha Silinda ya Pampu ya Ombwe

Pampu ya ombwe, yaani kifaa kinachonyonya hewa ndani ya silinda ili damu ijae uumeni, iliidhinishwa Marekani mwaka 1982 kutibu upungufu wa nguvu za kiume, wala si kurefusha maumbile, ingawa ndivyo inavyonadiwa. Silinda pana mno huvuta ngozi ya korodani hadi iume, ilhali nyembamba hubana na kuchubua. Ndiyo maana baadhi huja na kipete cha kupunguza upana wa mdomo, ambao hupakwa jeli ya maji ili hewa isipenye. Baada ya hapo, mpira unaobana shina la uume ili damu isirudi usikae zaidi ya dakika 30. Mkazi wa Arusha mwenye kisukari, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asione haya kumwona kwanza daktari katika Hospitali ya Mount Meru.