Kongamano la Kupima Wafanyakazi: Twende na Swali, Turudi na Kazi

(Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Gataka)

Leo tunataka tupange pamoja kongamano letu la siku moja, juu ya kuchagua na kupima wafanyakazi.

Tunajua wengine wanasema, "Hayo ni mambo ya wakubwa wa ofisi. Sisi wa kijiji yanatuhusu nini?" Haya, tuhesabu. Nani anauza maji kwenye kioski ya kikundi? Nani analinda kinu cha kusaga usiku? Nani anafundisha watoto wetu wa nasari? Nani anaandika vitabu vya pesa? Hao wote ni wafanyakazi, na mwajiri ni sisi.

Na tunawachukuaje? Mara nyingi mtu mmoja anasimama na kusema, "Huyu ni mtoto wa fulani, tumsaidie." Tunapiga makofi, kazi imekwisha. Baadaye pesa za maji zikipungua, hakuna anayethubutu kuuliza, maana anayeuliza ataonekana adui wa jamaa ile. Memba thelathini wametoa jasho miaka mingi, na kikundi kinavunjika kwa sababu ya kazi ya mtu mmoja.

Wenye taaluma ya kuajiri wana makongamano yao. Hapa Kenya kazi hiyo iliwekewa sheria yake mwaka 2012. Wanakutana kwa sababu kumpima mtu si rahisi hata kwa msomi. Mwaka 1998, Wamarekani wawili, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya matokeo ya utafiti wa miaka 85 ili kujua ni njia gani zinazoonyesha mapema nani atafanya kazi vizuri. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake wakapiga hesabu hizo upya, na juu kabisa ikasimama intavyu iliyopangwa. Maana yake nini? Maswali yatoke kwenye kazi yenyewe, kila mwombaji aulizwe yale yale, na kila mwulizaji aandike maksi zake kabla ya kusikia za mwenzake. Jambo hili halihitaji pesa. Linahitaji karatasi na kalamu tu.

Njia nyingine nzuri ni kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe. Kwa mfano, mwambie anayetaka kuuza maji: "Umeuza mitungi 20 kwa shilingi tano. Mitatu imechukuliwa kwa deni. Andika kitabuni, utuambie mkononi una shilingi ngapi." Anayejua atasema 85, na majina ya wenye deni atayaandika. Hapo hatuulizi ni mtoto wa nani.

Hata Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 232, inataka kazi za umma zitolewe kwa ushindani wa haki na kwa uwezo wa mtu. Mwaka 2011 waliotaka kuwa Jaji Mkuu waliulizwa maswali mbele ya wananchi. Kama mtu wa cheo hicho anaulizwa hadharani, muuza maji wetu ataona aibu gani?

Sasa tupange kongamano letu.

Kwanza, swali. Kila kikundi kije na swali moja kutoka kwa kazi yake, limeandikwa. Kikundi kisicho na swali kitakuja kunywa chai tu.

Pili, saa. Wenzetu wa Kitengela na Kajiado wanatoka mbali. Tuanze saa nne asubuhi, tumalize saa nane na nusu, ili wamama wawahi kukamua.

Tatu, pesa. Tulipe nauli, chai na chakula. Posho ya kukaa kitini hakuna. Hesabu isomwe siku hiyo hiyo kabla ya watu kutawanyika.

Nne, wajumbe. Kila kikundi kitume wawili: mmoja wa kamati na mmoja memba wa kawaida. Tusitume mwenyekiti peke yake kila mara. Na lugha iwe Kiswahili, pawe na wa kutafsiri kwa Kimaasai na Kikuyu, ili mzee asikae kama mgeni.

Tano, kazi ya siku. Hotuba ziwe fupi. Wakati mwingi tuwe katika makundi madogo, tufanye intavyu ya majaribio: mmoja mwombaji, watatu waulizaji, wengine watazame. Mchana tumwite anayejua Sheria ya Ajira ya 2007 atueleze wajibu wetu. Sheria hiyo inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mapatano ya maandishi. Inasema pia kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa au kwa kazi mbaya, aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa na asikilizwe, akiwa na mwenzake. Kupima mfanyakazi, basi, si kumvizia. Ni kumwambia mapema anatakiwa kufanya nini, halafu kukaa naye kila baada ya miezi michache na kuangalia pamoja.

Sita, kurudi. Hapa ndipo mikutano mingi inakufa. Mjumbe anarudi na faili nzuri, faili inawekwa juu ya kabati. Tunaomba hivi: katika wiki mbili wajumbe wasimame mbele ya kikundi, waeleze mambo matatu waliyojifunza, na kikundi kichague moja la kuanza nalo. Baada ya miezi sita tuulizane limefika wapi.

Tukifanya hivyo, hata mtoto wa fulani atapata kazi akiifaa, na hakuna atakayemwambia alipendelewa. Hiyo ni heshima kwake pia.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Mfanyakazi wetu wa sasa tulimchagua kwa njia gani?
2. Je, ana mapatano ya maandishi, na anajua tunampima kwa mambo gani?
3. Swali letu moja la kupeleka kwenye kongamano ni lipi?