Kustaafu Kazi, Kuendelea na Utumishi: Shughuli za Wastaafu wa Kabanga

(Maelezo yaliyotolewa na wawakilishi wa wastaafu wa Kabanga, wilayani Ngara, mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Tunalishukuru shirika kwa kutupatia nafasi hii, maana si mara nyingi wazee kuitwa mbele ili wazungumze. Mara nyingi huitwa mbele ili wapokee sukari na blanketi.

Tumeombwa tueleze shughuli za kujitolea tunazozifanya sisi wastaafu wa Kabanga. Tutaeleza sisi ni akina nani, kazi zenyewe, tuliyojifunza kutoka kwa wenzetu wa Nshamba, na tatizo moja ambalo tusipolimaliza pamoja nanyi, kazi hii itakufa. Mwisho tutatoa maombi manne.

Sisi ni akina nani

Wengi wetu tulikuwa walimu. Wengine walikuwa wauguzi, mabwana shamba, makarani na askari. Wakongwe wetu waliingia ualimu wakati wa UPE, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974. Nchi ilipoamua kwamba kuanzia mwaka 1977 kila mtoto aende shule, walimu hawakutosha, na vijana waliomaliza darasa la saba wakaanza kufundisha huku wenyewe wakiendelea kusomeshwa. Asubuhi walishika chaki mbele ya watoto, na jioni wakawafundisha baba na mama za watoto haohao kusoma na kuandika.

Kisha ikaja mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, kwa muda wa kama siku moja tu, watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda, wakajazana Benaco. Kabla yao walikuwa wameshafika ndugu zetu wa Burundi. Kila mwenye ujuzi hapa Ngara alihitajika: wauguzi, madereva, walimu, hata waliojua tu kuandika orodha ya majina. Kwa hiyo kujitolea hatukukusoma kwenye semina.

Ni vema pia tutofautishe mambo mawili. Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55 na kwa lazima akifikisha miaka 60, na baada ya hapo hupata pensheni kila mwezi. Hata ikiwa ndogo, inaingia. Lakini mzee aliyelima migomba na maharage maisha yake yote hana mwezi wala tarehe anayoisubiri. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba Tanzania ilikuwa na watu wapatao milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na wengi wao wanaishi vijijini. Sisi wenye pensheni ni wachache kati yao. Ndiyo maana tulikubaliana tangu mwanzo kwamba umoja wetu usiishie kwenye kuzikana na kusaidiana sisi kwa sisi. Yule jirani asiye na pensheni ndiye mlengwa wetu wa kwanza.

Kazi tunazozifanya

Kazi ya kwanza ni kuwatembelea wazee wanaoishi peke yao au wanaolea wajukuu. Tunakwenda wawili wawili, tukipangwa kwa jumuiya ndogo ndogo. Tunaangalia kama kuna maji, kama kuna kuni, kama paa halivuji, kama mtoto ameenda shule. Ziara hizi ni ulinzi pia. Wote tunajua kwamba katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wako akina mama wazee waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, kisa macho mekundu, ambayo sababu yake ni moshi wa jikoni wa miaka mingi. Bibi anayetembelewa kila wiki na watu wanaoheshimika kijijini si rahisi kusingiziwa.

Kazi ya pili ni kuwasindikiza wazee hospitali na zahanati. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye miaka 60 au zaidi, na inaelekeza kwamba wazee wasio na uwezo watibiwe bure katika vituo vya Serikali. Lakini haki iliyoandikwa haimfikii mtu asiyejua kuwa ipo. Mzee akifika dirishani peke yake, hajui aonyeshe nini, na akiambiwa dawa hakuna anarudi nyumbani. Akifika na muuguzi mstaafu anayejua taratibu, ataelezwa dawa hiyo inapatikana wapi na arudi lini. Pia tunamsomea namna ya kumeza vidonge, maana kutwa mara tatu kwa mtu anayekula mara moja kwa siku kunahitaji maelezo.

Kazi ya tatu ni ya makaratasi, na hapa tunaomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo mpakani.

Ng'ambo yetu ni Kobero, Burundi. Kihangaza chetu na Kirundi chao vinasikilizana. Wako wajomba upande ule na mashangazi upande huu. Kwa hiyo mtu wa Kabanga anapoomba kitambulisho cha Taifa huulizwa maswali mengi kuliko mtu wa Dodoma, na hatulaumu, maana kulinda mpaka ni wajibu. Lakini mzee aliyezaliwa nyumbani kabla ya Uhuru, asiye na cheti cha kuzaliwa, na ambaye wote waliomshuhudia akizaliwa wamekwisha kufa, atathibitisha vipi? Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, tuliona wazi jinsi karatasi moja inavyoweza kumtenga mtu na shamba lake na watoto wake.

Siku hizi uzito umeongezeka. Tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, na kuzimwa kwa laini zisizosajiliwa kulikoanza Januari 2020, asiye na namba ya NIDA hana laini yake mwenyewe. Asiye na laini hawezi kupokea kwa jina lake fedha anazotumiwa na mwanawe aliyeko Mwanza. Wengine namba wanayo, lakini kidole kikiwekwa kwenye mashine hakisomeki, kwa sababu jembe limekwisha kuzifuta zile alama. Na huku kwetu Ngara, tangu Serikali ilipotia saini mkataba wa mradi wa nikeli ya Kabanga mwezi Januari 2021, wako wazee waliokutana na fomu za tathmini na fidia ambazo zinataka jina liandikwe sawasawa katika kila karatasi.

Sisi tunasaidia hivi. Tunamwandikia mzee historia yake: alizaliwa wapi, wazazi wake walilima bonde gani, alibatizwa wapi na nani alimsimamia, alisoma shule gani kama alisoma, alianza lini kulipa kodi. Tunatafuta cheti cha ubatizo au cha ndoa. Walimu waliomfundisha mwanawe wanatoa ushahidi wao. Kisha tunamsindikiza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mtendaji, na mpaka wilayani. Sharti letu ni moja na halina mjadala: hatumsemei mtu tusiyemjua. Mstaafu akitoa ushahidi wa uongo hata mara moja, hata kwa huruma, ushahidi wetu wote unapoteza thamani, na mwenye haki ndiye atakayeumia.

Kazi ya nne ni kuzungumza na watumishi wanaokaribia kustaafu. Mtu akipata kiinua mgongo, ghafla anakuwa na marafiki wengi. Anapigiwa simu na matapeli wanaojifanya maofisa wa mfuko wa pensheni, anashauriwa anunue basi kuukuu, anaoa. Baada ya miaka miwili amebaki na pensheni ya mwezi na madeni. Sisi tunawaambia tuliyoyaona: jenga kabla ya kustaafu, panda migomba na parachichi ungali na nguvu, na usitoe namba ya siri kwa yeyote.

Tuliyojifunza kutoka Nshamba

Mkoa wetu wa Kagera una mfano ambao umesomwa duniani, nasi jirani zao ni vema tuujue. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani humu mwaka 1983. Miaka iliyofuata iliondoa kizazi cha katikati, na bibi wakabaki na wajukuu. Mwaka 2003, huko Nshamba wilayani Muleba, ulianza mradi uitwao Kwa Wazee, ulioasisiwa na Kurt Madörin kutoka Uswisi. Mradi ule haukuanza na semina. Ulianza kwa kuwapa wazee fedha kidogo kila mwezi, Sh. 6,000 katika miaka ile, na nyongeza kwa aliyelea mtoto.

Wako waliosema fedha zitanywewa pombe. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilibeba jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule. Ndivyo bibi walivyonunua. Baadaye wazee wale wakajipanga katika vikundi vya kusaidiana.

Zanzibar nako, mwaka 2016 Serikali ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi Sh. 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi Sh. 50,000. Huku Bara bado hatuna pensheni ya wazee wote ya namna hiyo.

Fundisho tulilolipata ni hili: kidogo kinachokuja kwa tarehe inayojulikana kinamsaidia mzee kuliko kingi kinachokuja mara moja. Bibi anayejua kwamba tarehe tano kitu kitaingia anaweza kukopa chumvi dukani tarehe mbili, na mwenye duka atamkubalia. Bibi aliyepewa blanketi tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, akapigwa picha, hawezi kukopa chumvi kwa blanketi.

Tatizo linalotukabili

Sasa tunafika kwenye jambo zito. Kujitolea ni kutoa muda na nguvu bila malipo, na hilo tunalikubali. Lakini bodaboda haijitolei. Kumpeleka mzee mmoja hospitali ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na chai njiani. Makaratasi ya mzee mmoja yanaweza kudai safari tatu za Ngara mjini, na kila mahali kuna kivuli cha kupiga na picha za pasipoti. Mpaka sasa gharama hizo zinatoka kwenye pensheni zetu, ambazo nazo zinasubiriwa na ada za wajukuu.

Matokeo yake yanaonekana. Wenye pensheni nzuri kidogo wanaendelea. Wenye pensheni ndogo wanaanza kutoa udhuru, na wanaona aibu kusema sababu. Tukiendelea hivi, utumishi huu utabaki kuwa wa wachache wenye uwezo, na siku wao wakiugua, umekwisha.

Wengine wameshauri tulipwe posho kama kwenye semina. Tulilijadili kwa muda mrefu na tumekataa. Posho ikiingia, watakuja watu wa posho, na siku ikikatika wataondoka nayo. Tunachoomba ni kurudishiwa gharama halisi: aliyetumia nauli aandike kwenye daftari, mzee aliyesindikizwa aweke dole gumba, mhasibu alipe. Asiyesafiri asilipwe.

Maombi yetu manne

Kwanza, kila kamati ya parokia itenge katika bajeti yake fungu dogo la nauli za wanaojitolea, lisomwe mbele ya waumini pamoja na mapato na matumizi mengine.

Pili, tunawaomba mapadre na makatibu wa parokia watusaidie kutafuta majina ya wazee katika vitabu vya ubatizo na ndoa, hasa vile vya zamani vinavyoliwa na mchwa. Kitabu kikipotea, mzee wa mpakani amepoteza shahidi wake wa mwisho.

Tatu, tunawaomba wafadhili wetu, badala ya kutoa zawadi kubwa mara moja kwa mwaka, waigawe fedha ileile iwe kidogo kila mwezi kwa wazee maskini kabisa wanaolea wajukuu, watakaochaguliwa hadharani katika mkutano wa jumuiya.

Nne, kila jumuiya imtoe kijana mmoja atembee nasi. Sisi tuna magoti mabovu, yeye ana simu janja. Atajifunza njia za ofisini, nasi tutajifunza kubonyeza. Na siku tukiondoka duniani, atakuwa anajua bibi yupi anakaa nyumba ipi.

Hitimisho

Ndugu zetu, wazee wetu wa Kabanga hawaombi mengi. Wanaomba watambuliwe kuwa ni wa hapa, watibiwe wanapougua, na wajue chumvi ya mwezi ujao itatoka wapi. Sisi miguu tunayo bado, na wakati tunao. Mkikubali kuchangia nauli, Jumatatu ijayo tuko barabarani.