Tahadhari Ifike Mlangoni

(Mada iliyotolewa na mwanafunzi wa chuo kikuu katika kikao cha vijana, baada ya futari)



 Nimepewa dakika kumi, na harufu ya biriani inatoka jikoni, kwa hivyo sitawachosha.

Mada yangu ni akili bandia, au akili mnemba kama wanavyoiita wenzetu wa Tanzania, na vipi inaweza kuisaidia miji yetu kujiandaa kwa majanga ya hali ya hewa. Lakini kabla ya kompyuta, niruhusuni nianze na mto.

Wiki mbili tu baada ya Idd ya mwaka 2024, usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili, mvua kubwa ilinyesha Nairobi na Mto Mathare ukafurika. Khalati yangu anakaa hatua chache kutoka mtoni. Siku mbili kabla, alikuwa amepata ujumbe kwenye simu, ule wa kuzungushwa na watu, unaosema zinatarajiwa milimita kadhaa za mvua. Tena kwa Kiingereza. Akausoma, akaweka simu chini, akaendelea kukaanga bajia zake. Baadaye aliniambia: "Mwanangu, milimita ni kitu gani? Wangeniambia maji yatafika dirishani, ningetoka."

Maji yalifika dirishani. Yeye na watoto walipandishwa ghorofa ya jirani, alhamdulillah wako hai. Vitanda, cherehani na vitabu vya shule vilikwenda na maji. Jirani yao wa mlango wa tatu hakuwahi kutoka.

Siku chache baadaye, alfajiri ya tarehe 29 Aprili, maji yakasomba nyumba za watu kule Mai Mahiu. Katika msimu ule wa mvua za Machi hadi Mei, zaidi ya watu 280 walipoteza maisha nchini Kenya.

Sasa nawauliza: khalati yangu alipata tahadhari, au hakupata? Swali hilo ndilo mada yangu yote.

Tuangalie kwanza teknolojia yenyewe. Zamani, ili ujue mto utapanda kiasi gani, ulihitaji vipimo ndani ya mto huo kwa miaka mingi. Mito mingi ya Afrika haina vipimo hivyo. Hapa ndipo akili bandia imeleta faida ya kweli. Kampuni ya Google ilianza majaribio ya kutabiri mafuriko mwaka 2018 huko Patna, India. Mwezi wa Machi 2024 watafiti wake walichapisha matokeo katika jarida la Nature. Programu yao ilifundishwa kwa kumbukumbu za vituo 5,680 vya kupima mito duniani. Ikajifunza jinsi mvua, udongo na umbo la ardhi vinavyofanya mto upande, kisha ikatumia elimu hiyo kwa mito ambayo haijawahi kupimwa. Utabiri wake wa siku tano mbele ulikuwa wa kutegemewa sawa na ule ambao mfumo mkuu uliokuwepo ulitoa siku ile ile ya tukio. Siku tano, jamani! Katika siku tano mtu anahamisha mgonjwa, anahifadhi vyeti vya watoto, anapeleka mbuzi juu.

Lakini tusidanganyane. Mto mkubwa kama Tana hupanda polepole, na maji ya milimani huchukua muda kufika Garissa. Mto wa mjini unafurika kwa saa chache, na mara nyingi sababu si mvua peke yake, ni mtaro uliozibwa na plastiki zetu. Kompyuta haioni kila mtaro, wala haizibui hata mmoja. Halafu hujifunza kutokana na yaliyopita, na hali ya hewa inabadilika, kwa hivyo inaweza kukosea. Haikuambii "mto utafurika", inakuambia uwezekano ni mkubwa kiasi gani.

Kuna jambo jingine la kutafakari. Mwaka 2021 Google hiyo hiyo ilitoa ramani ya majengo ya Afrika, zaidi ya milioni 500, yaliyotambuliwa na kompyuta kwa picha za setilaiti. Kazi hiyo iliongozwa na kituo chao cha Accra, Ghana. Ramani kama hiyo inaweza kuonyesha nyumba zilizo karibu na maji. Lakini inaona paa tu. Haijui chini ya paa wamelala wangapi, nani ni kiziwi, nani amejifungua juzi. Na ramani inayomwezesha mtu kuonywa ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuleta tingatinga. Mei 2024 waliokaa kando ya mito waliamriwa kuhama na nyumba zikabomolewa. Kwa hivyo wanaotumia ramani hizi waulizwe wazi: baada ya kumwonyesha mtu hatari, mmemwandalia pa kwenda?

Turudi India. Katika jimbo la Bihar, ambalo Patna ndio mji wake mkuu, watafiti waliangalia kama tahadhari za kompyuta zinawafikia wanavijiji. Mahali palipokuwa na watu wa kujitolea wa hapo hapo, wanaopeleka habari kwa njia za kawaida kama vipaza sauti na bendera, uwezekano wa watu kupata tahadhari kabla ya maji kufika ulizidi kwa asilimia 50. Programu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mtu wa kubisha mlango.

Vijana wenzangu, hapo ndipo zamu yetu. Sisi hatuna setilaiti, lakini tuna miguu, na tuna kipaza sauti cha msikiti. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kichochoro kiwe na vijana wawili wanaojua nani hawezi kukimbia, awe Muislamu au si Muislamu, maana maji hayaulizi dini. Pili, tuchore ukutani alama ya pale maji yalipofika 2024, ili utabiri usomwe kwa magoti na viuno badala ya milimita. Tatu, tukubaliane mapema na imamu, chifu na wazee wa mtaa ni nani atatangaza na kwa maneno gani. Tukitangaza na maji yasije, tuwaeleze watu ukweli, la sivyo mara ya pili hawatatoka.

Kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, tunakijua tangu chuoni. Habari ya miaka ya njaa ilikuja mapema. Hata hivyo, watu waliokolewa kwa sababu nafaka ilikusanywa na kuwekwa ghalani kabla njaa haijafika.

Khalati yangu bado anakaa pale pale, hana kwingine. Mvua za masika zitarudi. Baada ya taraweh nitasimama pale mlangoni na daftari, na ninayo nafasi ya majina mawili kwa kila kichochoro.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.