Ufadhili wa Uzamivu wa Uhandisi kwa Mwanafunzi Mwenye Ndoa

Ufadhili wa shahada ya uzamivu katika uhandisi huja kwa sura mbili kuu. Marekani, mwanafunzi husamehewa ada na kupewa posho kwa kuwa msaidizi wa kufundisha au wa utafiti, kwa kawaida saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Ujerumani, Uholanzi na Sweden, mtafiti wa ngazi hiyo mara nyingi huajiriwa: ana mkataba, mshahara, likizo na kodi ya kulipa. Kwa mseja, tofauti hiyo ni ndogo. Kwa aliyeoa au kuolewa, ndiyo huamua kama nyumba itaendeshwa kwa kipato kimoja au viwili, hivyo inastahili kuchunguzwa kabla ya sifa za chuo.

Kikwazo kikubwa huwa ni kibali cha mwenza. Anayeingia Marekani kwa viza ya F-1 huleta mwenza kwa viza ya F-2, nayo hairuhusu ajira yoyote. Tangu 2015 mwenza huyo anaweza kusoma kozi chache katika chuo kilichoidhinishwa, basi. Muuguzi au mhasibu aliyeacha kazi Dodoma au Kisumu hukaa hivyo miaka mitano au zaidi, na gharama hiyo haionekani popote kwenye barua ya udahili. Viza ya J-1, inayotumiwa pia na wafadhiliwa wa Fulbright, mpango wa ufadhili wa serikali ya Marekani, ina nafuu: mwenza mwenye J-2 anaweza kuomba kibali cha kazi. Ila baadhi ya wenye J-1, hasa wanaolipiwa na serikali, hutakiwa kurudi kwao kwa miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu. Uraia nao huweza kufunga mlango mapema: Juni 2025 Marekani ilisitisha viza za F na J kwa raia wa Burundi, isipokuwa wachache waliotengwa na agizo hilo.

Ulaya mambo ni mepesi kiasi. Sweden, kibali cha mwenza wa mwanafunzi wa uzamivu huja na haki ya kufanya kazi, na masomo ya miaka minne hurefushwa hadi mitano kwa anayefundisha pia. Ujerumani, bima ya afya ya umma humbeba mwenza asiye na kipato pamoja na watoto bila mchango wa ziada. Uingereza iliwazuia wanafunzi wengi wa uzamili kuleta familia kuanzia Januari 2024, lakini wa uzamivu walibakishiwa haki hiyo. Hata hivyo, kila mwanafamilia hutozwa ada ya huduma za afya ya pauni 776 kwa mwaka, tena ya miaka yote kwa mkupuo.

Posho ya Marekani huhitaji kusomwa kwa makini zaidi. Nyingine hulipwa kwa miezi tisa, na miezi ya kiangazi hubaki tupu. Bima ya chuo mara nyingi humlipia mwanafunzi peke yake. Isitoshe, fomu ya I-20, ambayo chuo hutoa kwa ajili ya kuombea viza, haitolewi mpaka zionyeshwe fedha za kumtunza mwenza na watoto, kwa hiyo posho inayomtosha mtu mmoja huweza kuitenga familia kabla hata ya kufika ubalozini.

Fedha za msaidizi wa utafiti hutoka katika ruzuku za msimamizi, na ruzuku hizo mara nyingi huisha kabla ya tasnifu. Mwenye familia hana akiba ya kuvumilia muhula usio na malipo. Maabara yenye ruzuku kadhaa ni salama kuliko yenye moja nono. Barua ya ufadhili itaje miaka iliyohakikishwa na nani atalipa ruzuku ikikatika. Majibu ya maswali hayo yana muda wa kutafutwa: vyuo vilivyosaini azimio la Baraza la Shule za Uzamili la Marekani havimlazimishi mwombaji kujibu ofa yenye ufadhili kabla ya Aprili 15.