Bure Si Holela



Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani, Handeni. Kijana wa jirani yangu pale Chanika, mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, aliniita nikaione kazi yake. Ametengeneza programu ya hesabu za chama cha kuweka na kukopa: hisa, akiba, mikopo na marejesho. Chama kimoja cha Korogwe kimeipenda na kiko tayari kumlipa. Alichotaka kwangu ni kumsomea mkataba wa mauzo.

Nikamwuliza, "Yote umeiandika wewe?" Akacheka. "Mjomba, nani siku hizi anaandika yote? Sehemu mbili kubwa nimezichukua kwenye intaneti. Ni za chanzo wazi, za bure."

Ndugu msikilizaji, bure si holela. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu. Anayetoa programu ya chanzo wazi hakuitupa jalalani. Ameitoa kwa masharti, na masharti hayo ndiyo leseni. Mojawapo ya leseni maarufu huitwa GPL. Toleo lake la 2 lilitoka mwaka 1991, na la 3 mwaka 2007. Yote mawili yanakuruhusu kutumia, kubadili, hata kuuza. Lakini ukimpa mtu programu, sharti apate pia maandishi yake ya asili, na kitu kizima kibaki chini ya leseni ileile.

Maneno hayo, "leseni ileile", ndiyo yenye mtego. Sehemu ya kwanza aliyoichukua kijana ilisema: toleo la 2 tu. Ya pili ilisema: toleo la 3. Toleo la 3 lina masharti yasiyokuwamo katika la 2, kwa mfano kuhusu hataza, na toleo la 2 linakataza kuongezewa masharti. Kila moja linadai kitu kizima kiwe chake. Ni sawa na ng'ombe mmoja kuahidiwa wakwe wawili.

Akiitumia kibandani mwake hana kosa, kwani masharti hayo hubana pale anapomkabidhi mtu mwingine. Basi Handeni yu salama. Akipanda basi la Korogwe na flashi mfukoni kwenda kuiuza, amevunja leseni.

Ziko leseni nyingine zinazopatana kwa upande mmoja tu. Sisi wa Handeni hilo halitupi shida: bomba la HTM hutuletea maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, wala hayarudi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka 2010 OpenOffice ikazaa LibreOffice, na mwaka 2011 OpenOffice yenyewe ikakabidhiwa taasisi ya Apache, yenye leseni yake. Tangu hapo LibreOffice inaweza kuchota kwa Apache, lakini Apache, kwa kanuni zake, haichoti kwa LibreOffice. Ndugu wa tumbo moja, bomba la njia moja.

Nilimshauri kijana mambo matatu. Amwandikie mwenye ile sehemu ya toleo la 2, amwombe aongeze maneno "au toleo lolote la baadaye". Na kama wenyewe ni wengi, wote wakubali. Ikishindikana, atafute sehemu nyingine yenye leseni inayopatana. La mwisho, aiandike mwenyewe.

Wapo wasiopenda maneno hayo ya "toleo lolote la baadaye". Kiini cha Linux, alichokianzisha Linus Torvalds, kimebaki na toleo la 2 mpaka leo. Siwalaumu. Kutia saini karatasi ambayo bado haijaandikwa kunataka umwamini sana mwandishi. Lakini anayefunga mlango ajue kwamba nje kuna vijana watakaokosa pa kupita.

Kijana wetu ameandika barua, na jibu bado. Chama kinamsubiri hadi mwisho wa mwezi. Laiti angeisoma leseni siku ya kwanza, ukurasa mmoja tu ungemwokolea miezi. Kwa sasa programu iko Handeni, na fedha bado ziko Korogwe.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.