NASAHA KWA WATUMISHI NA WANANCHI WA MTAMBILE: ULINZI WA KOMPYUTA NA PROGRAMU ZA UJUMBE





Tangu mwaka 2004, kompyuta za Windows huja na ukuta wa ulinzi uliokwisha washwa. Ukuta huo huzuia maombi ya mawasiliano yatokayo nje, na huacha ya ndani yatoke. Programu ya ujumbe, kama WhatsApp, huanza yenyewe mawasiliano na mitambo yake. Kwa hiyo ujumbe hufika bila ya kuwafungulia mlango wageni.

Hivyo basi, kompyuta inapouliza iwapo programu iruhusiwe kupokea maombi ya nje, msikubali kwa mazoea. Kataeni kwanza. Ikiwa kazi itakwama, iruhusuni programu hiyo peke yake, katika mtandao wa ofisi tu. Msiuzime ukuta mzima.

Lakini ukuta hulinda mlango, haupimi maneno. Faili la hadaa tulilolifungua wenyewe limekwisha ingia.

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Taarifa za wananchi zilizomo katika kompyuta zetu ni amana, tuzitunze.