Kabla ya kupanda boti ya Kigoma
Maneno ya komite mbele ya vijana wanaokwenda kusoma Tanzania na wazazi wao, Baraka



Tunajua wengine mtasema: Tanzania tunaijua, tuliishi kule. Kweli, wengi wetu tulikaa Nyarugusu miaka mingi, na baadhi ya vijana hawa walizaliwa kule. Lakini tuseme ukweli, sisi tulijua kambi. Kutoka nje bila kibali ilikuwa makosa, na shule zetu zilifuata programu ya Congo, kwa Kifaransa. Chuo kikuu cha Tanzania kinafundisha kwa Kiingereza. Kiswahili kitakusaidia sokoni na ndani ya basi, si kwenye mtihani. Kwa hiyo kijana anayengoja diplome, ile miezi asiikalie bure, aanze Kiingereza sasa.

Jambo linalotusumbua kuliko yote ni majina. Mwaka jana kijana mmoja, tuliyemlipia nauli kutoka mfuko wa chama, alikaa Kigoma wiki tatu halafu akarudi. Karatasi yake ya kuzaliwa iliandikwa kambini na mtu aliyeandika kama alivyosikia. Kwenye diplome ana majina matatu, kwenye pasipoti yale majina yamepinduliwa, na moja limepoteza herufi. Chuo kiliuliza: hawa ni watu wangapi? Makuta ya nauli hayakurudi, na mwaka wake wa masomo ukapotea. Kosa lilikuwa letu sisi komite. Tulitazama kama ana barua ya chuo, basi. Hatukuweka makaratasi yake moja kando ya lingine na kuyasoma herufi kwa herufi. Wanachama walikasirika, na walikuwa na haki.

Sasa ni hivi. Sisi Wakongomani tuna jina, postnomu na prenomu. Fomu nyingi za kule zina nafasi mbili tu. Fuata pasipoti, kila mahali, bila kubadilisha. Asiyekuwa na karatasi ya kuzaliwa aende kwanza tribinali kuomba hukumu inayochukua nafasi yake, kabla ya pasipoti, juu pasipoti itaandikwa kufuatana nayo. Ukianza na pasipoti, utalipa mara mbili. Na diplome ikiwa na kosa, irekebishwe huku. Ukiwa Dar es Salaam nani atakufanyia?

Neno lingine, na tunalisema polepole: usivuke ukijiita mkimbizi ili upite kwa urahisi. Familia yako ilitia sahihi ya kurudi kwa hiari. Wewe ni mwanafunzi, mlango wako ni pasipoti yenye muhuri, kisha hati ya ukaazi daraja C, ambayo ndiyo ya wanafunzi. Chuo kitakuonyesha njia ya kuiomba. Hati hiyo haikupi ruhusa ya kutafuta kazi, kwa hiyo mzazi asihesabu kwamba mtoto atajilipia minervali kwa vibarua.

Matokeo ya egzeta yanahitaji kulinganishwa na ya kule, na kazi hiyo inafanywa na NECTA, baraza lao la mitihani. Peleka makaratasi ya asili pamoja na biletini za miaka ya mwisho, yakiwa yametafsiriwa Kiingereza na mtafsiri anayetambuliwa. Inachukua muda, na vyuo vingi vinaanza mwezi wa 10 au wa 11. Kabla ya kumpa komisionere hata franga moja, hakikisha kwamba chuo kiko kwenye orodha ya TCU, tume ya vyuo vikuu. Uliza pia bei ya mwanafunzi wa kigeni, mara nyingi si sawa na ya mwenyeji.

Safari yenyewe si ngumu sana. Beba kadi ya njano ya chanjo, wataiuliza. Dola ziwe safi, bila kupasuka. Saa ya Kigoma iko mbele ya yetu kwa saa moja, na treni ya Tabora hadi Dar haingojei saa ya Baraka. Tena haiondoki kila siku, weka makuta ya kulala. Bamama, tunawaomba sana: Tanzania imekataza mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 mwezi wa 6 mwaka 2019. Ndagala za mtoto zitieni kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa. Na boti ikijaa kupita kiasi, au upepo ukiamka, mtoto abaki. Kesho kuna boti nyingine.

Kuanzia leo hakuna nauli itakayotoka kwenye mfuko mpaka watu wawili wa komite wasome makaratasi yote ya kijana, yeye na mzazi wake wakiwa wamekaa hapo. Tutaanza Jumamosi hii asubuhi, kwenye uwanja wa chama. Leteni yote, hata yale yaliyochakaa ya kambini.